Simu ya Mchana Isiyo na Namba

Mama alipokuja kukaa kwangu Nsemulwa kutibiwa goti, alikuja na kitochi chake na tabia ya kupokea kila simu. Kwake simu ilikuwa hodi. Huwezi kumsikia mtu anabisha ukanyamaza ndani kana kwamba hupo.

Siku moja nikiwa kwenye cherehani nilimsikia anaongea na mtu kwa upole mwingi. Kioo kilikuwa kimeandika "Namba binafsi", maneno ambayo mama aliyachukulia kama cheo.

"Mama, mimi mwanao. Nimebadilisha laini," mtu alisema. Kitochi cha mama kina sauti kubwa, nilisikia yote.

"Mwanangu yupi?"

"Yule wa kiume."

"Wa kiume sina. Nina binti mmoja, huyu hapa anashona." Akafikiri kidogo. "Ila sauti yako imekauka. Umekula?"

Yule mtu akakiri kuwa bado hajala. Mama akamwambia asishinde na njaa, akamwuliza kwao ni wapi, mama yake anaendeleaje, na kama anasali. Walipofika kwenye kusali, simu ikakatwa.

"Maskini, salio limemwishia," mama alisema.

Nikasimamisha cherehani. Nilimweleza kuwa yule ni tapeli, na kwamba mtu anaweza kuificha namba yake makusudi. Akipigiwa na namba ngeni, nilisema, asitaje jina lake wala namba yake ya siri. Amwache mpigaji ajitambulishe kwanza. Ile iliyofichwa asipokee kabisa. Mwenye shida ya kweli atatuma ujumbe.

Mama alitii kuliko nilivyotaka. Katekista wa kwao Kasekese alipompigia kwa laini mpya, alimwuliza Jumapili iliyopita waliingia kanisani kwa wimbo gani. Katekista hakukumbuka. Akakatiwa. Ilibidi mimi nimpigie kumwomba radhi.

Ndipo ikaanza simu ya mchana. Kila tukikaa kula, kitochi kinatetemeka na kutembea chenyewe mezani kuelekea kwenye bakuli la mboga: Namba binafsi. Ujumbe hakuna. Mama anakitazama huku anamega ugali.

"Tapeli gani huyu hachoki?"

"Hata wao wana bidii," nilimjibu.

"Mwizi akikuta mlango umefungwa anaenda kwa jirani. Huyu anarudi hapa hapa." Kabla sijameza tonge, akabonyeza kitufe cha kijani. "Jitambulishe," akasema, kwa sauti ya mgambo.

"Dada, ni mimi mdogo wako. Niko Zambia."

Mama aliacha kutafuna. Mdogo wake aliondoka Kasekese kwenda kutafuta kazi kabla mimi sijaanza shule, na tangu hapo hakuna aliyepata habari zake. Bibi alikufa anamwulizia. Kama kuna mtu ambaye tapeli angejifanya yeye ili ampate mama, ni huyo. Nikanyoosha mkono niichukue simu, mama akausukuma.

"Mdogo wangu aliungua mkono," alisema. "Aliunguaje?"

"Uliniunguza wewe, dada. Uligeuka na sufuria la maharage bila kuangalia."

"Mimi? Ulijiunguza mwenyewe ukidokoa nyama."

"Nyama gani? Nyumba ile, nyama tuliiona Krismasi tu."

"Na mbuzi walioingia kwenye mihogo ya watu, ulikuwa wapi?"

"Zamu ilikuwa yako. Ulikuwa unasukwa nywele, fimbo ya baba nikaila mimi."

Mama aliziba simu kwa kiganja. "Ni yeye," akaninong'oneza. "Tapeli angekubali kila ninachosema." Machozi yalikuwa yanamtiririka, lakini alifungua kiganja na kuendelea. "Zamu haikuwa yangu, usinisingizie."

Waliposhiba kubishana, mjomba alieleza. Namba ya mama alipewa na katekista, akamsihi asituambie mpaka aongee na dada yake mwenyewe. Amekuwa akipiga kila akipumzika kazini, na kuona haipokelewi akaamini tumemkataa. Nilipomwambia namba yake haionekani, alishangaa. Simu aliinunua ikiwa imeshatumika.

"Kumbe ndiyo maana hata bosi wangu hapokei," alisema.

Nikachukua simu. "Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Wewe nani?"

"Mtoto wa dada yako."

"Thibitisha."

Mama alicheka mpaka akashika meza. Nilimwelekeza mjomba aingie kwenye mipangilio ya simu, atafute palipoandikwa kuficha namba, aondoe. Mara ya kwanza alizima mlio. Mara ya pili aligeuza lugha yote ikawa Kichina, akaomba msaada kwa jirani. Mwishowe kitochi kikalia na namba ndefu ya Zambia. Mama akaniambia niihifadhi kwa jina la Mbishi.

Mjomba alikuja baada ya msimu wa mvua kuisha, kwa basi la Sumbawanga, amenenepa na ana kipara. Pale stendi mama alimshika kichwa kwa mikono miwili. Kesho yake tulienda wote Kasekese kwenye kaburi la bibi. Mjomba alipiga magoti akaanza kung'oa majani, mama akakaa chini upande wa pili, akang'oa ya kwake.