Bwana wa kukodi

Mnisamehe, nilisomea kuchekesha watu jukwaani, kwa hiyo kisa hiki nitakiharibu.

Hapa Butembo, kwenye kituo kimoja cha afya, mama mwenye mimba akija na bwana yake anapimwa wa kwanza. Basi mama mmoja alimwomba motard aliyemleta kwa pikipiki ajifanye bwana yake.

Muuguzi akamtambua. «We papa, wiki hii uko na babibi bane, na huyu wa tano. Toka. Na wewe mama, rudi nyuma ya mustari.»

Motard hakusogea. «Munifukuze, hakuna neno. Lakini mupime ye kwanza. Miguu inavimba, kichwa inamuluma tangu juzi, macho inaona giza. Hiyo haiwezi kungoja. Mulinifundisha hapa hapa, wakati nilikuya na bale babibi bane.»

Muuguzi akapima presha, akamfungulia mama mlango wa daktari. Kisha akanigeukia mimi, bwana wa kweli, niliyekaa kwenye benchi na mke wangu, naye ana mimba, tukingoja zamu yetu.

«Na wewe papa, alama za hatari za mimba unazijua?»

«Kununa,» nikajibu.

Benchi nzima ikacheka, nami nikadhani nimefaulu. Mke wangu peke yake hakucheka. Alikuwa anamwomba motard namba ya simu. Kalamu nilimpa mimi, kwa sababu nilimwona ana haki.