Mikunjo na mkono wake wa kushoto

Jua halijatoka vizuri. Nyuma ya jengo la kufulia nguo la hospitali, mwanamke mfupi aliyevaa aproni anatupia mpira ukutani. Anaupokea juu ya paji la uso kwa vidole vyote kumi, anausukuma, anaupokea tena. Kila unaporudi anasonya.

"Umeona?" anamwambia mwandishi bila kugeuza shingo. "Unazunguka kama pia. Sasa huo ni mpira gani?"

Kwa macho ya mwandishi, asiyeujua mchezo huu hata kidogo, ni mpira mzuri tu. Anaambiwa akae pembeni.

Kazini wanamwita Mikunjo. Ni mpiga pasi, ana miaka thelathini na tisa na watoto watatu. Jina hilo alilipata kwa sababu anaweza kusimama mlangoni akaliona shuka lenye mkunjo katikati ya rundo zima, na hatanyamaza mpaka lirudishwe mezani. Mchana kutwa yuko na pasi. Jioni ni seta wa timu ya mpira wa wavu ya wanawake wa hospitali, yaani yule anayeuinua mpira karibu na wavu ili mwenzake aruke na kuupiga upande wa pili.

Nafasi hiyo ameishika miaka minane. Sasa iko hatarini, na anajua kwa nini.

Timu yao imepanda daraja. "Kule chini marefa walikuwa majirani zetu," anasema kocha, ambaye kazi yake ya mshahara ni kuendesha gari la wagonjwa. "Mtu kaja kula harusini kwako, kweli atakupigia filimbi? Huku juu hakuna cha kujuana."

Kosa lenyewe ni dogo kulitazama. Mkono wa kulia wa Mikunjo unaufikia mpira kabla ya wa kushoto, ndiyo maana mpira unazunguka. Sheria zinahesabu kwamba ameugusa mara mbili; refa akiliona anainua vidole viwili, na pointi inakwenda kwa wapinzani. Katika mechi za kirafiki za kujiandaa na ligi, vidole viwili viliinuliwa mpaka mashabiki wakaanza kuviinua wao kabla ya refa.

Kocha hakuzunguka mbuyu. Alimwambia ataanza naye mechi ya kwanza ya ligi, na mambo yakiwa yale yale, nafasi itakwenda kwa binti wa dirisha la dawa, aliyefundishwa kuinua mpira tangu shuleni.

"Nililia," anasema Mikunjo. "Nikudanganye ili iweje? Nilijifungia stoo ya sabuni nikalia mpaka msimamizi akaja kugonga akidhani nimezimia."

Kwa nini alie kwa ajili ya mchezo usiomlipa hata nauli? Swali hilo linamkera kidogo.

"Nyumbani mimi ni mama. Mama chai, mama soksi, mama njoo. Hapa mimi ni mkono wa pasi. Pale kwenye wavu watu wazima watano wananitazama, wanasubiri mimi niamue. Sina pengine popote duniani ambapo nasubiriwa hivyo."

Alianza na ushauri wa kocha: panua vidole, kunja magoti, wahi chini ya mpira, usiushike kwa viganja. Yote aliyafanya. Mpira ukaendelea kuzunguka.

Nyumbani akalala chali sakafuni na kuurusha juu ya uso wake, zoezi la kawaida la maseta. Mpira ukienda upande, unapiga kabati la glasi; akichelewa, unamwangukia puani. Mumewe, fundi wa redio, alihamisha kabati kimyakimya. "Niliona pua inapona, glasi haiponi," anasema.

Aliyeugundua ugonjwa wenyewe ni wifi yake.

Wifi huyu, dada wa mumewe, ni mrefu, ana mabega ya kubeba magunia, na ndiye mpigaji tegemeo wa timu. Mipira mingi ya Mikunjo huishia mkononi mwake. Kazini pia wanatazamana: Mikunjo anapiga pasi upande huu wa meza, wifi anakunja upande ule. Utani kati yao hauishi, na si wote wa kuchekesha.

Siku moja wifi aliacha kukunja, akashika kiuno.

"Wifi, hebu nikuulize. Huo mkono wako wa kushoto ni mgeni rasmi?"

"Una maana gani?"

"Naona unahudhuria tu. Kazi yote anafanya mwenzake."

Chumba kizima kikaangua kicheko. Mikunjo alinuna. Alikula chakula chake peke yake, na wifi akiomba chumvi, chumvi ilipitia kwa mtu wa tatu.

Lakini maneno yalikuwa yamemwingia. Kwa zamu moja anapiga pasi mashuka zaidi ya mia mbili, pasi nzito ya mvuke mkono wa kulia, miaka kumi na minne. Mkono wa kushoto kazi yake ni kunyoosha kitambaa. Ukimtazama kwa nyuma akiwa na fulana ya mchezo, utaona bega la kulia limejaa kuliko la kushoto. Mpira ukimjia, mkono wenye nguvu unakurupuka kwanza, mwingine unafuata.

Kwa hiyo akahamisha pasi. Foronya ya kwanza aliyoipiga kwa mkono wa kushoto ilitoka na alama ya kahawia yenye umbo la pasi yenyewe. Msimamizi aliiinua mbele ya kila mtu.

"Hii ni ya mgonjwa au ni ramani?" aliuliza.

Baada ya maombi mengi alimruhusu mashuka tu. Sare za wauguzi ziguswe kwa mkono wa kulia, hilo halina mjadala. Mikunjo akakubali. Usiku bega la kushoto lilimuuma mpaka akashindwa kulilalia, na mwanawe mkubwa alimkanda kwa maji ya moto huku akilalamika kwamba mama wa wenzake hawana mambo haya.

Ukutani, taratibu, mpira ukaanza kutulia. Kwanza mmoja, halafu miwili kwa mfululizo. Safari hii hakusonya. Alisimama akiutazama mpira kama mtu aliyerudishiwa chenji kubwa kuliko aliyotarajia.

Jumamosi ya mechi ya kwanza, uwanjani kwenye shule moja, wapinzani ni wanawake wa kiwanda cha sabuni. Binti wa dirisha la dawa yuko kwenye benchi na koti lake la michezo. Mikunjo anajipangusa mikono kwenye kaptula mara nyingi kuliko inavyohitajika.

Mpira wa kwanza unamjia. Anawahi chini yake, anaunyanyua. Unapanda bila kuzunguka kabisa, mweupe, umetulia. Refa anamtazama. Filimbi haisikiki.

Wifi anaruka, anapiga hewa.

Mashabiki wanacheka. Mpira wa pili, ule ule utulivu, na wifi anaugusa kwa ncha za vidole, unanasa kwenye wavu na kuanguka upande wao. Wa tatu anauchelewa. Hapo ndipo jambo ambalo hakuna aliyelifikiria linapoonekana: mipira ya zamani ya Mikunjo, kwa kule kuzunguka, ilikuwa ikilalia kulia ikianza kushuka, na wifi kwa miaka minane alijifunza kuruka kulekule inakolalia. Sasa mpira unashuka wima, na yeye hayupo.

"Wifi, niletee wetu wa zamani!" anapiga kelele.

Mikunjo anatikisa kichwa. Wa zamani una vidole viwili vya refa.

Kocha, kutoka alikokaa, anaona kitu kimoja tu: mpigaji wake bora hapati mipira. Anamgeukia binti wa dirisha la dawa, na binti anavua koti. Mikunjo ameliona hilo. Anaanza kutembea kuelekea mstarini, kichwa chini, na mwandishi aliyeambiwa akae pembeni anajikuta amesimama.

Ndipo wifi anapoinua mkono mrefu juu, mbele ya uwanja mzima.

"Kocha, mwache! Mpira wake ni mzuri. Ni mimi. Mimi ndiye nisiyejua kuupiga."

Kocha anababaika, anamtazama mmoja, anamtazama mwingine. Kisha anamwambia binti akae.

Walifungwa seti tatu kwa moja. Filimbi ya kugusa mara mbili haikupigwa hata mara moja upande wao, na katika ile seti waliyoshinda wifi alianza kuikuta mipira hewani na kuishindilia chini.

Baada ya mechi Mikunjo amekaa kwenye nyasi, viatu amevua. Anasema mpango wao ni kufika mazoezini kabla ya wengine, yeye na wifi tu, amwinulie mpaka auzoee mpira mpya. Anataka timu ibaki kwenye ligi hii msimu ujao, na yeye aendelee kuwa seta wake.

Na kocha akibadilisha mawazo?

"Abadilishe," anasema, na machozi yanamlengalenga. "Niko kwenye ukoo ule miaka kumi na saba. Wifi yangu huyu akivunja kikombe, kikombe ndicho kilikuwa kibovu. Leo amesema 'ni mimi' mbele ya watu wote, ili mimi nisitolewe. Wewe hujui hilo neno limetoka mbali kiasi gani."

Wifi, anayefungasha mipira hatua chache kutoka hapo, anauliza kwa sauti kama wanamsengenya. Mikunjo anamjibu ndiyo, wanamsengenya, na anavaa viatu kwenda kumsaidia.