Koti la Baba na Manukato ya Baridi

Baba yangu alikufa Jumanne asubuhi.

Jumatano jioni alikuwa hospitali, amekaa kando ya kitanda cha mama, amemshika mkono.

Wauguzi walimwona. Mgonjwa wa kitanda cha pili alimsalimia. Mama mwenyewe alimwambia, "Leo umechelewa."

Najua mmeshaanza kusema huyu anatupiga kamba. Subirini.

Hakuwa mzimu. Alikuwa mimi.

Ngoja nianze mwanzo, maana nikirukaruka nitawachanganya na mimi nitajichanganya.

Baba alikuwa mwoka mikate. Siyo mwenye kiwanda, hapana. Mwoka mwenyewe, yule anayeamka watu wote wamelala akaingiza mikono kwenye unga. Vumbi la unga lilikuwa limemla koo miaka mingi mpaka sauti ikabaki mnong'ono. Akiwa sebuleni nawe uko jikoni, usingemsikia hata akikutukana.

Kazini alikuwa mkali. Siku moja nilimpelekea chakula nikiwa nimejipaka losheni. Alinifukuza mlangoni kwa mwiko, mbele ya wenzake. Wakacheka mpaka basi.

Starehe yake ilikuwa moja tu: manukato.

Kichupa cheusi, kizito, ambacho mama alimnunulia. Harufu yake tamu, ya vuguvugu: vanila, mdalasini, asali iliyokaribia kuungua, na kwa mbali tumbaku kavu. Yalikuwa ya msimu wa baridi tu, jioni, akishaoga na kuvaa koti lake la sufu. Wakati wa joto hakuyagusa. Alisema jua likiyapata yanapanda kichwani, lakini kwenye baridi yanatulia kwenye sufu, yanakaa na wewe.

Mama alimcheka kila mwaka. "Mwanaume wewe! Unatoka kwenye keki, unaingia kwenye keki."

"Kwani hukujua unaolewa na mwoka mikate?" baba ananong'ona, wanafunga mlango wa chumba chao, wanatoka wote wananukia.

Sasa, mama alikuwa na jicho moja tu linaloona. Lingine lilikufa zamani, mimi bado mdogo. Mwaka ule lililobaki nalo likaanza kuingia giza. Akafanyiwa upasuaji, likafungwa bandeji.

Daktari alituita, tukajipanga ukutani kama watoto wa shule. Asiiname. Asinyanyue kitu. Asikohoe kwa nguvu.

"Na msimlize," alisema. "Akilia kwa kwikwi sasa hivi, hili jicho tunaweza kulipoteza."

Baba ndiye aliyeitikia kwa kichwa kuliko sote.

Akawa anakwenda kila jioni akishatoka kazini na kuoga, koti na manukato juu. Hajafika hata kitandani, mama anainua uso. "Keki yangu imefika."

Jumanne ile akaanguka mbele ya tanuri. Moyo. Wenzake wanasema alikuwa amebeba sinia la mikate. Akaliweka chini vizuri kwanza, ndipo akaanguka. Hakumwaga hata mmoja.

Jumatano mchana tukamzika.

Tuliporudi, baba mdogo alituita mimi na dada jikoni. Nje watu wamejaa, sisi tumejifungia kati ya masufuria.

"Shemeji asijue," alisema. "Kaka ameondoka. Tusimpe shemeji upofu juu yake."

"Jana nilimwambia baba amebanwa na kazi. Leo jioni asipoonekana tena, tutamwambia nini?" dada akauliza.

Baba mdogo akanigeukia. Akanipima kuanzia mabegani hadi viatuni.

"Huyu umbo ni lile lile. Koti litamkaa. Na kunong'ona nani hawezi?"

"Baba mdogo, huo ni wazimu."

"Haya. Basi nenda wewe ukamwambie mama yako."

Hapo ndipo nilipopatikana.

Nikavaa koti. Kichupa kilikuwa juu ya kabati. Nikajipulizia shingoni, kifuani, kwenye viganja, nikasugua mikono kama tunavyofanya vijana tukienda harusini. Harufu ikanijia usoni, nikajikuta nimekaa sakafuni. Makaburini nilikuwa sijalia. Nililia pale.

Nikanawa uso, nikaenda.

Mama alikuwa ameinua uso kuelekea mlangoni, bandeji nyeupe, jicho jingine likitazama bure.

"Leo umechelewa."

"Baridi," nikanong'ona.

Akanyoosha mkono. Nikampa wangu. Akausogeza karibu na pua yake, akauacha hapo. Nikadhani amesinzia. Kisha akaushika kwa mikono yote miwili, akaubana mpaka vidole vikaniuma.

"Kaa," alisema. "Kaa tu."

Nilipotoka nikampigia baba mdogo. "Amekubali." Akamshukuru Mungu, na mimi nikajiona mjanja kweli kweli.

Ikawa ndiyo kazi yangu. Mchana fundi wa friji, jioni marehemu.

Ila kuna jambo lilinishangaza. Mama, ambaye yeye na baba walikuwa watu wa maneno machache, alianza kuongea.

"Mwambie kijana wetu ale. Dada yake anasema sahani inarudi ilivyo."

Siku nyingine: "Yule mtoto hapendi kulia mbele za watu. Hata alipovunjika mkono alijifungia chooni. Mwambie asijibane hivyo, ataumwa."

Na jioni moja, baridi imeshika hasa, akaniambia, "Unampenda sana, ila hujui kusema. Ngoja nikusemee. Unampenda."

Mimi ndani ya koti la baba, nang'ata ulimi. Nilikuwa nimesubiri neno hilo tangu utoto, na sasa limekuja mwenyewe hayupo.

Ikafika siku ya kufungua bandeji. Ilikuwa asubuhi. Nilivaa nguo zangu, koti nikaliacha nyumbani. Baba mdogo alikuwa na hotuba ya kumpa mama habari ya msiba kichwani. Njia nzima alikuwa anajisemesha.

Daktari akafungua, akasafisha taratibu.

"Mama, vidole vingapi?"

"Viwili. Na hizo kucha zikate."

Tulicheka wote. Dada akanikumbatia. Jicho limepona!

Mama hakucheka. Alitutazama mmoja mmoja, jicho likakaa kwangu muda mrefu zaidi.

"Daktari, jicho limepona kabisa?"

"Limepona, mama."

"Kwa hiyo sasa naruhusiwa kulia?"

Daktari akashangaa. "Ndiyo, unaruhusiwa. Kwani kuna nini?"

Mama akamgeukia baba mdogo.

"Shemeji, mume wangu mmemzika wapi?"

Hotuba yote ikaisha. Baba mdogo alishika chuma cha kitanda, akaketi kwenye kitanda cha mgonjwa mwingine bila hata kuomba samahani.

"Mama," nikasema, "nani amekuambia?"

"Wewe. Jioni ya kwanza. Ulinipa mkono unaonukia."

Sikuelewa.

"Baba yako hakuwahi kutia manukato mikononi tangu nimjue. Unga unashika harufu, angeharibu mikate ya watu. Kichupa alikuwa ananipa mimi. Anainama, namtilia kwenye kola ya koti, basi. Hata nilipolazwa alijitilia hapo hapo. Mkono wake ulikuwa wa hamira tu." Akaukamata mkono wangu. "Niliponusa ule mkono nilijua ni wa mwanangu. Na nikajua kwa nini mwanangu amevaa koti la baba yake."

"Kwa nini hukusema?" Dada alikuwa analia tayari.

"Ningesema, ningelia. Jicho likiharibika mngejilaumu maisha yenu yote. Halafu huyu alikuwa anakuja kila jioni. Hakuwa na pengine pa kukaa na baba yake."

Ndipo nikaelewa yale maneno yote. Mwambie ale. Mwambie asijibane. Unampenda. Alikuwa ananiambia mimi, uso kwa uso.

Kisha mama akalia. Sijawahi kusikia mtu akilia vile, na sitaki kusikia tena. Alirudia neno moja tu: "Sikumuaga. Sikumuaga."

Tulidhani tunamlinda. Kumbe tulimwachia kifo cha mumewe akibebe peke yake, gizani, huku anatufariji sisi.

Wewe unayesoma hapa, siku moja utashika habari mbaya ya mtu unayempenda, na ndugu watakaa jikoni waamue asiambiwe. Mpelekee. Tafuta maneno ya upole, mweke daktari karibu, mshike mkono, lakini mpelekee. Atakayoyapoteza kwa kufichwa hutaweza kumrudishia. Mama yangu anaona vizuri sasa, na kitu pekee anachotamani angekiona ni uso wa baba siku ya kumzika.

Baridi imerudi. Jana jioni nilipita kwake nimevaa lile koti. Akaleta kichupa, kimebaki kidogo sana chini.

"Inama," akasema.

Nikainama. Akanitilia kwenye kola, akaisawazisha kwa vidole. Nikanyoosha viganja kwa mazoea.

Akavipiga kofi dogo.

"Huko hapana."