Mshumaa wa Mama Nafula

Dhambi yangu ni kutuma kwanza na kusoma baadaye. Jumamosi niliona kwa simu picha ya rafiki yangu Mama Nafula, wa hapa Sarang'ombe, na mshumaa pembeni. Nikajua ameenda! Nikaituma kwa grupu la kanisa: "Tumempoteza." Maneno ya bintiye chini ya picha, "Happy birthday, mum," sikuyasoma.

Baada ya saa moja akina mama tulikuwa mlangoni kwake na sukari na majani ya chai, tukiimba nyimbo za matanga, mimi nikiongoza kilio. Mama Nafula akatoka sokoni, akaweka mboga zake za sukuma chini, akajifunga leso, akalia nasi kwa nyuma. Kisha akanishika bega.

"Pole, dada. Kwani tunamlilia nani?"