Shamba Bovu la Mama Paulina

Namshukuru Mungu, aliyeziotesha mbegu kabla mtu hajazipa majina, na aliyenifikisha umri wa kusimulia.

Siku yangu ya kwanza kazini, katika kituo kidogo cha utafiti wa mbegu hapa Karatu, mkuu wa kituo alisoma cheti changu akiwa amesimama.

“Shahada ya biolojia. Si kilimo?”

“Si kilimo, mzee.”

“Basi jembe hulijui. Haya, macho unayo.”

Alinipa mkataba wa msimu mmoja. Nyumbani walitegemea nirudi daktari wa watu, na jirani zetu walipojua ninachofanya wakanibatiza Daktari wa Mbaazi. “Daktari, mgonjwa amekunywa maji leo?” waliniuliza kila nikipita.

Mgonjwa alikuwepo kweli. Mnyauko ni ugonjwa wa ukungu unaoishi udongoni. Huingia kwa mizizi, ukaziba njia za maji, na mbaazi ikakauka huku ardhi ina unyevu. Kupata mbegu inayouhimili, huna budi kuzipanda mbegu mahali penye ugonjwa mkali. Katikati yake unaweka mbegu ya kipimo, ile inayojulikana kuwa haivumilii. Ikifa hiyo, unajua jaribio ni la kweli.

Katika kijiji cha Endabash nilimpata Mama Paulina, mjane aliyekuwa akipoteza mbaazi kila mwaka. Nilimwomba kipande kinachomsumbua zaidi. Akakubali, akatuonyesha, tukapanda.

Msimu ukaenda, mbaazi zetu zikatoa maua, zote kijani, pamoja na ile ya kipimo. Mkuu wa kituo alizunguka shamba mara moja tu.

“Kipimo hakikufa, kwa hiyo hatujapima kitu. Bila majibu, kijana, nitakuombea mkataba mwingine kwa lipi?”

Nikarudi kwa Mama Paulina kumuuliza kama kweli hapa ndipo mbaazi zilipokuwa zikifa. Alicheka.

“Mwanangu, umekuja mgeni na mbegu zako mkononi, nikupeleke makaburini? Watu wangenisemaje?”

“Mama, mimi nimetumwa kuziona zikifa.”

“Na kanisani unaenda?”

“Naenda, mama.”

“Ajabu. Njoo basi.”

Alinipeleka nyuma ya nyumba, karibu na korongo. Mbaazi zake zilikuwa zimesimama kavu, mstari hadi mstari. Nikachuna gome la shina moja, na ndani kulikuwa na michirizi ya kahawia, alama ya mnyauko. Ndipo nikaelewa. Sisi alitupa shamba lake zuri, na chakula cha watoto wake akakipanda kwenye ugonjwa.

Nilimwita mkuu. Alitazama yale mashina, akavua kofia.

“Mavuno yote ya kule juu tulikopanda ni ya mama huyu,” alisema. “Msimu ujao tunaingia huku. Na wewe unabaki. Nitakuombea mkataba.”

Msimu uliofuata mbegu ya kipimo ilikufa kabla ya maua. Nyingine zikafuata, nami nikazitazama kwa furaha ambayo Mama Paulina hakuielewa. Mstari mmoja ulibaki kijani. Alipouona, alisema, “Hii kaidi nipe mimi.” Alikuwa wa kwanza kuipanda.

Baada ya hapo nilifundisha sekondari, kisha nikaajiriwa Ngorongoro, ambako hadi kustaafu nilifuatilia magugu vamizi yanayosonga nyasi za kreta. Wenzangu wa chuo walitawanyika: mmoja aliongeza masomo akaingia maabara ya hospitali, mwingine aliongoza watalii na kuwatajia ndege, mwingine alikagua mbegu mpakani.

Vijana wenye shahada kama yangu hunijia baada ya ibada kuuliza kazi ziko wapi. Nawaambia watafute mahali ambapo kitu kinakufa na hakuna anayejua kwa nini, kisha waombe kuonyeshwa. Kuonyeshwa ndiko kugumu, maana watu wetu humficha mgeni maumivu yao kwa heshima. Kazi inaanza siku wanapoacha kuficha.

Nawe uliyesoma hadi hapa, Mungu akupe macho yenye subira, na mwenyeji atakayekuamini hata akakuonyesha shamba lake bovu. Amina.