Gari Fupi na Kanzu ya Halidi

Aibu yangu hii wengi wenu mmeshaisikia nusunusu, na kila anayeisimulia anaitia chumvi yake, kwa hiyo nimeona bora niiandike mwenyewe: mimi, Abdu fundi cherehani, nilimvika bwana harusi sanda ya mtu aliye hai. Basi, nimeshasema. Sasa kaeni mnisikilize ilivyokuwa, kisha mcheke mkitaka, mimi nimeshachoka hata kukasirika.

Ilikuwa miaka ile ya mwanzo ya uhuru, Wafaransa wengine wanafunga mizigo yao, na pale Mahajanga kulikuwa na mpima ardhi mmoja aliyekuwa akiuza magari yake mawili ya kulala, yale yenye kitanda ndani, moja refu na moja fupi. Lile refu lilikuwa na makabati kulia na kushoto, yenye droo zinazofungika. Lile fupi lilikuwa na kitanda, sanduku moja la mbao chini ya kitanda, na misumari mitatu ukutani. Mimi nilikuwa na ndoto yangu (nina ndoto nyingi, ila hii ndiyo iliyonifikisha mbali) ya kuzunguka na cherehani hadi kisiwa cha Nosy Be, ambako kiangazi harusi hazikatiki, nishone huku nikiiona dunia na mke wangu Zaina kando yangu. Nikachukua fupi. Watu nikawaambia ni kwa sababu ya pantoni ya Antsahampano ya kuvukia kwenda kisiwani, kwamba ni ndogo na gari refu litaning'iniza mkia juu ya maji (nilipofika nikakuta lori la magunia limepakiwa juu ya pantoni hiyohiyo na dereva wake anakoroma), lakini ukweli ni kwamba lile fupi lilikuwa la rangi ya samawati na mimi nilishalipenda kabla sijalifungua mlango. Zaina alichungulia ndani akaniuliza vitu vitakaa wapi. Nikamwambia vitajipanga vyenyewe.

Sasa mjue kwetu sisi Wangazija mwenye nyumba ni mwanamke, mwanamume huingia na sanduku lake la nguo akashukuru. Zaina alikuwa na nyumba yake mtaa wa Ampisikina, wazee wake walianza kuijenga yeye bado anatambaa, ina rafu ya sahani za maua kutoka dirishani hadi mlangoni. Huyo ndiye niliyemtoa nikampeleka kwenye misumari mitatu. Mama yake, Mama Siti, hakukataa, lakini siku ya kuondoka alinikabidhi kikapu cha ukili chenye mfuniko, cha duara kama tikiti maji, na ndani yake sanda ya dada yake mkubwa, Mama Mkubwa Moinaesha, anayeishi Hell-Ville kule Nosy Be. Hujaji mmoja aliitoa Makka, imechovywa Zamzam, imeanikwa kwenye jua la huko, na Mama Siti ameikunja na kafuri katikati, ile wanayotiwa maiti. Mama Mkubwa alikuwa akiingoja mwaka wa pili, na Mama Siti hakuwahi kupata msafiri wa kumwamini.

Aliniambia polepole, kwa Kingazija chake, mkono bado uko juu ya mfuniko: "Abdu mwanangu, hii usiichanganye na kitu. Ikifika, nitajua binti yangu yuko na mtu. Isipofika, nyumba yake hii hapa, atarudi."

Nikaitikia kwa furaha, kama mtu aliyeambiwa karibu chakula.

Kuishi ndani ya gari lile sijui niwaeleze vipi. Ukitaka chai lazima utoe cherehani nje, ukitaka kuifikia cherehani utoe masufuria, ili utoe masufuria uhamishe gunia la mchele, na gunia mahali pake ni kitandani, kwa hiyo kila jioni vyote vinahamia kiti cha dereva ili tulale, na asubuhi vyote vinarudi kitandani ili niendeshe, na ikinyesha hata vile vya nje vinaingia na sisi tunakaa magoti yakigusana na kidevu. Siku ya kwanza Zaina alicheka. Siku ya pili aliacha kucheka. Tulipofika mji wa Antsohihy, vumbi hadi kwenye kope, nilimsikia akizungumza na sufuria kwa upole, anaiomba isogee.

Na kikapu kile kilikuwa hakina pa kukaa. Sandukuni hakiingii, msumarini kinapigapiga ukuta, kitandani kinabingirika, kila kona ya barabara kinatujia miguuni, na mimi naona aibu, amana ya watu inatembea sakafuni pamoja na vitunguu. Asubuhi moja tukingoja kuvuka mto, Zaina ameenda kuchota maji, nikakata shauri (dogo tu, la mtu aliyechoka): nikaitoa sanda, nikaikunja bapa, nikailaza chini kabisa ya sanduku, chini ya bafta zangu nyeupe za kushonea, na kikapu nikakitia vile vitunguu. Zaina aliporudi akakiona, akauliza. Nikamjibu nimeihifadhi pazuri zaidi. Akaniamini, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Tangu siku hiyo gari zima likanuka kafuri, lakini lilikuwa linanuka pia vitunguu, mafuta ya taa na mafuta ya cherehani, na pua ni kama mtu mwingine yeyote, ikisumbuliwa sana inaacha kulalamika. Baada ya siku mbili sisi wawili tulikuwa hatusikii harufu yoyote.

Tukafika Hell-Ville, tukaegesha mbele ya nyumba ya Mama Mkubwa Moinaesha, akatupokea kwa chai na machozi, na maamkizi hayajaisha akaulizia amana yake. Nikamwambia kesho, Mama Mkubwa, vitu vimebanana. Na kweli vilibanana, ila sababu hasa ni kwamba ili kuifikia ingebidi nitoe kila kitu barabarani, na majirani wote waone binti wa mdogo wake anaishi vipi. Kesho ikazaa kesho nyingine. Siku ya nne ndipo akaja Halidi.

Halidi ni kijana wa nyumba ya pili, harusi yake ni leo alasiri, na kanzu yake imeunguzwa na pasi kifuani, alama nyeusi ya pasi nzima, ncha hadi kisigino. Alisimama mlangoni mwa gari akaniambia kwa Kimalagasi, sauti imekwisha, kwamba amesikia kuna fundi kutoka Mahajanga. Nilimhurumia. Zaina alikuwa jikoni na wanawake wakipika pilau ya harusi hiyohiyo, hakuna wa kunisaidia kuhamisha vitu, kwa hiyo sikuhamisha, nikalala kifudifudi sakafuni nikapitisha mkono kati ya gunia na kitanda, nikapapasa sandukuni, nikavuta kitambaa cheupe cha kwanza kilichokuja. Chini na juu? Barabara ya mashimo ilikuwa imeshavibadilisha zamani. Kilikuwa kipana, laini, na nakumbuka nilimsifu moyoni yule Mhindi muuza vitambaa wa Mahajanga kwamba safari hii hakunipunja. Nikakata. Nikashona mbio, na kwa kumwonea huruma nikamtia darizi shingoni, kazi safi, naomba hilo lisisahauliwe.

Baada ya alasiri wakamtoa Halidi, dufu zinalia, kasida zinapanda, vijana wamemshika mikono wanampeleka nyumbani kwa mkewe. Mimi niko nyuma natazama mshono wangu. Jua lilikuwa kali, Halidi akaanza kutoka jasho, na kafuri, nadhani mnajua, ikipata joto na maji inaamka. Kwanza yule wa kulia kwake akajipangusa pua. Kisha wa kushoto akamwachia mkono taratibu. Pengo likawa linapanuka kumzunguka bwana harusi, na waimbaji wakawa wanateremka sauti bila kuambiwa, mpaka kasida ikasikika kama inasomwa kwa mgonjwa. Pale ngazi za msikiti alikuwa ameketi Mzee Bakari, asiyeona vizuri, na harufu ilipomfikia akainuka kwa heshima kama tunavyoinukia jeneza, akamuuliza jirani yake, "Nani amefariki?" Na kabla hajajibiwa akaingia nyuma ya msafara anaomba dua, na wawili watatu walipomwona mzee anafuata wakaacha mzaha wakafuata na wao, vichwa chini.

Mlangoni kwa bibi harusi Mama Mkubwa Moinaesha ndiye aliyesimama na mrashi wa maji ya waridi, kwa sababu ya umri wake. Halidi akakaribia. Mama Mkubwa akainua mrashi, akasita. Akaushika mkono wa kanzu, akausogeza puani, akaukunja kati ya vidole kama anapima kitambaa dukani. Kisha akanitafuta kwa macho katikati ya watu wote wale.

"Abdu. Hii umeshona kwa kitambaa gani?"

"Bafta, Mama Mkubwa."

"Na amana yangu iko wapi?"

Hapo ndipo nikaisikia ile harufu, kana kwamba pua yangu imerudi kutoka safarini. Nilimtazama Halidi tu, na watu wote wakamtazama Halidi, na Halidi, maskini, akajitazama mwenyewe kuanzia kifuani hadi miguuni.

"Nivue?" akauliza taratibu.

"Utavua mbele ya wakwe zako?" Mama Mkubwa akamwambia. "Ingia, baba. Mkeo anangoja." Akammwagia mrashi wote kichwani mpaka tone la mwisho, akamsukuma ndani.

Mimi nilitaka ardhi ipasuke, lakini ardhi ya Hell-Ville ni ngumu. Wanawake walitoka jikoni, Zaina akiwa na upawa mkononi, wakahadithiwa. Zaina hakunifokea. Alienda garini akaanza kutoa vitu kimoja kimoja akivipanga barabarani, gunia, masufuria, cherehani, nguo zetu za ndani, kila nilichokificha siku nne, mtaa mzima unatazama, akitumaini labda ipo, labda niliyokata ni bafta kweli. Akafika chini ya sanduku. Bafta zote zilikuwepo. Akakichukua kile kikapu akampelekea mama yake mkubwa, na mama yake mkubwa akafunua mfuniko akakuta vitunguu.

Nilipiga magoti nikasema nitaifumua kanzu, nitaiunganisha. Mama Mkubwa akatikisa kichwa. Alikuwa amekaa kizingitini, ghafla mdogo kuliko nilivyomjua.

"Haifumuliki kitu hapo, mwanangu. Nilijiambia ikishafika nitalala vizuri, nitajua nguo yangu ipo. Sasa nianze kungoja tena, na umri huu?"

Nililia mbele ya watu, mwanamume mzima, na hiyo nayo iongezeni kwenye hesabu ya aibu zangu.

Nilidhani Zaina atapanda chombo cha kwanza kurudi kwa mama yake, maana ndivyo nilivyoambiwa. Lakini alisema hivi, akipangusa vumbi kwenye sahani: "Mahajanga sirudi kumpa mama habari hii kwa mdomo wangu. Na humo garini siingii tena. Nitakaa na Mama Mkubwa mpaka nguo yake ije, kisha nitaangalia."

Akachukua vyake vyote. Kwa mara ya kwanza gari likawa na nafasi, mtu unaweza kunyoosha miguu, unaweza hata kutembea hatua mbili, na mimi nililala katikati ya nafasi hiyo kiangazi kilichobaki na masika yote, mita kumi kutoka kwa mke wangu, nikipokea sahani yangu mlangoni kama mgeni wa njia. Mama Siti nilimwandikia mwenyewe. Hakunijibu. Nikashona usiku na mchana, nikanunua kitambaa kipya, nikampa hujaji wa mtaa ule aliyekuwa akijiandaa kwenda Makka, akakichovye Zamzam, nikamsindikiza hadi chomboni nikimrudia maneno yaleyale ya Mama Siti mpaka akaniomba nimwache aende kwa Mungu kwa amani.

Hujaji aliporudi nilipokea bunda lile gatini kwa mikono miwili, nikatembea nalo kwa miguu, sikukubali kupandishwa gari la mtu. Mama Mkubwa alinusa, akaniita ndani, akafungua kasha lake. Lilikuwa limejaa hadi juu, kanga, vikombe, barua za watu waliokufa, kila kona imebanwa, isipokuwa upande mmoja palikuwa na pengo safi, limetandikwa kitambaa, ukubwa wa bunda lile hasa. Aliniambia tangu aliposikia habari ya hujaji wa kwanza hajaweka kitu hapo, hata leso.

Nikaiweka mwenyewe. Nilipogeuka Zaina alikuwa amesimama mlangoni, amechoka kama mimi, akaniambia nikalete mto wangu.

Gari bado liko pale nje, kuku wa Mama Mkubwa wanatagia humo. Na mimi nimeapa: cha mtu nikikabidhiwa tena, kama sina mahali pa kukiweka nitasema sina, pale pale, mbele ya mwenyewe, hata kama itanipasa kubaki nyumbani.