Niliusingizia Umeme

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo mama yako ameingia kaburini bila kuijua. Nimeikumbuka miaka yote. Leo nakuhadithia wewe.

Mie na mama yako Somoe tulikuwa wasichana, tumepanga chumba kimoja Chang'ombe. Yeye mwalimu, mie karani. Tulikuwa na kompyuta ya mtumba, mali yetu sote wawili, na intaneti ya kupitia simu ya mezani. Modemu inalia weee, kama paka kabanwa mlangoni, halafu ukurasa mmoja unausubiri mpaka wali unaiva. Usicheke! Ndivyo tulivyoishi.

Sasa mie nilikuwa mjuaji. Nikasikia kuna mfumo endeshi wa bure, yaani ile programu kuu inayoiendesha kompyuta, watu wa dunia nzima wameutengeneza na wanaugawa, virusi hauvijui. Mashine yetu virusi vilishaifanya kwao. Nikasema, leo Somoe akirudi shule atanikuta fundi. Sikumwambia. Asubuhi nikatia disketi ya kuanzishia. Mengine yote yalitakiwa kuvutwa kwa laini ya simu. Ikaniuliza kwa Kiingereza: nifute diski yote, na kila kilichohifadhiwa humo? Nikabonyeza ndiyo, mwanangu, kama mtu aliyekaribishwa chai. Haraka haraka haina baraka, na methali hiyo niliijua tangu darasa la pili.

Ikafuta kwanza. Ndipo ikaanza kuvuta, kidogo kidogo, mpaka adhuhuri laini ikakatika. Nikapiga tena, ikakatika tena. Mfumo wa zamani haupo, mpya haujafika, kioo cheusi tii. Hapo ndipo nikakumbuka. Mle ndani mama yako alikuwa ameandika maneno ya babu yako, yule mchonga vinyago. Mzee alimsimulia ukoo wenu wote, nani alivuka Ruvuma, nani alimzaa nani, kisha akafariki. Nakala nyingine haikuwepo.

Somoe akaingia, chaki bado mikononi.

"Shoga, mbona umekaa hivyo?"

Ulimi ukanitangulia. "Umeme ulikatika, ukarudi kwa nguvu. Mashine imeungua."

Nani Dar hii angebisha? Umeme tulikuwa tunausingizia kila kitu, hata kuchelewa kazini. Mama yako alikaa kitandani akalia. Kisha, Mungu wangu, akanishika mkono.

"Usijilaumu. Bora hukupigwa shoti wewe."

Hapo ndipo ningesema. Sikusema.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ndefu, na niliitembea peke yangu. Mama yako aliolewa, akahamia Mbweni, akakuzaa wewe, akakupa jina langu. Mimi! Kila Idi alikuwa ananiita, ananipakulia wa kwanza, na kila akinikumbatia moyo unaniambia: anayekumbatiwa hapa si wewe, ni mtu anayemdhania. Nilikuwa na rafiki na sina. Ndiyo maana nilikuwa nawahi kuaga, mkidhani nina maringo. Upweke wa kukaa na mtu anayekupenda asiyekujua, usiombe.

Juzi kwenye matanga uliniuliza mbele ya watu, "Mama mkubwa, kweli umeme ndio ulifuta habari za babu?" Nikajibu ndiyo. Mama yako yuko chini ya udongo, na mie bado naogopa.

Haukuwa umeme. Ni mie niliyefuta.

Basi sikiliza. Kufuta ni ajali. Maji yakimwagika hayazoleki, na Somoe angenikasirikia wiki mbili, tukayamaliza. Kosa ni kumnyima nafasi ya kunisamehe. Mficha uchi hazai. Ukiharibu kitu cha mtu, mwambie siku ileile, machozi yake yakiwa bado ya moto, maana kila siku unayongoja unamwibia siku moja ya urafiki wa kweli.

Ukitaka kunilaumu, nilaumu, haki yako. Ukitaka kulirudisha jina langu, nalo lirudishe, sitasema neno. Ila Mungu akupe ulimi usioogopa, mwanangu, na akuwekee hai wale unaodaiwa kuwaambia ukweli, mpaka uwaambie.